Mwenye Risaga

Jua lilishatoka na hakuna aliyekuja.

Beryl alisimama ukingoni mwa shamba la mtama, kisu mkononi, mtoto wake Irine mgongoni, anaikodolea macho njia inayotoka kwa majirani. Njiani kulikuwa na kuku wa watu wanaparura, basi. Nyuma yake mama mkwe wake, Nyangi, alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mikono magotini, kimya. Kimya cha Nyangi kilimchosha Beryl kuliko maneno yake.

"Watakuja, mama," Beryl alisema.

"Umesema hivyo tangu alfajiri."

Mtama wenyewe ulikuwa umekomaa, masuke mekundu yameinama kwa uzito, shamba zima kuanzia nyuma ya jiko mpaka kule chini kwenye vichaka ambako pori linaanza. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kimesimama pale. Emanuel, mume wa Beryl, angekuwa ameshaukata, lakini Emanuel alikuwa amelala ndani na plasta mpaka pajani, tangu bodaboda ilipomwangusha kwenye mteremko akitoka mnadani. Na juzi usiku tembo waliingia kwa Waisiko, jirani wa upande wa pori. Asubuhi Waisiko alikuta mabua yamelala chini yote, akakaa katikati ya mavi ya tembo akalia, mtu mzima na mvi zake. Gari la askari wa wanyamapori lilikuja likapiga baruti, kisha likaitwa kijiji cha pili kwenye tembo wengine. Na kila mwenye macho aliona nyayo zimeishia wapi. Ziliishia kwenye mpaka wa shamba la Nyangi.

Walikuwa wameshiba, wamekwenda kupumzika. Leo giza likiingia wangerudi kuanzia pale walipoachia, na tembo akishalijua shamba habishi hodi.

Bahati ni kwamba pombe ilikuwa tayari. Tangu Emanuel avunjike, Beryl alikuwa amemsumbua mama mkwe wake waite risaga, na Nyangi alikuwa amekataa, akakataa, mwisho akasema haya, loweka ulezi wako uone. Kwa asiyejua, risaga ni hivi: unapika pombe, unapita nyumba kwa nyumba unasema kesho nina risaga, na watu wanakuja na visu vyao au majembe yao, wanakufanyia kazi yako huku wakiimba na kutaniana, na kazi ikiisha mnakaa mnakunywa, mnacheza, mnasengenyana, mpaka mtu achoke mwenyewe. Halipwi mtu. Umlipe mtu wa risaga umemtukana. Utakachompa ni wewe mwenyewe, siku akiita yeye.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Nyumba ile ilikuwa haijaita risaga miaka mingi, kwa sababu ya marehemu Simioni, mume wa Nyangi. Simioni alipata pesa kidogo za ng'ombe akajiona mkubwa. Nyumba ya jirani yake Sadock ilipoungua, Sadock akaita risaga ya kuezeka, na Simioni hakwenda. Alituma vibarua wawili kutoka senta, amewalipa, waende badala yake. Sadock aliwafukuza kwa fimbo. Tangu siku ile hakuna aliyewaita akina Simioni, wala wao hawakuita. Simioni alipokufa watu walikuja kuzika, maana msiba ni msiba, wakala, wakaondoka, na chuki ikabaki pale pale.

Beryl haya yote aliambiwa na Emanuel, lakini kuambiwa si kuyaishi. Yeye alikuwa Mjaluo wa Nyamisangura, Tarime mjini, amezaliwa kwenye duka la sabuni na mafuta ya taa. Aliolewa huku kijijini Nyambureti akaja na Kiswahili chake cha mpakani na kicheko chake cha juu, na mpaka leo, mtoto anatambaa, Nyangi alipomtaja kwa watu alisema "yule mgeni wa Emanuel." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anavyosema ng'ombe yule mwekundu. Beryl alikuwa akilisikia neno lile linamchoma kila mara, na kila mara anajifanya anakoroga ugali.

"Ndio hao," Nyangi alisema ghafla, akasimama.

Aliyetangulia alikuwa mzee Nyamhanga, kisu kiunoni na kofia ya marehemu kaka yake kichwani. Nyuma yake Winfrida, jirani wa karibu, mjamzito wa miezi mingi, halafu Waisiko mwenyewe ambaye shamba lake lilishaliwa, halafu wengine, kundi zima, wanapiga kelele kama wanakwenda harusini. Beryl akaenda mbio kuwapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mjaluo. Tumechelewa, tulikuwa tunabishana kama tuje au tusije." Nyamhanga alicheka peke yake. "Waisiko ndiye ametushinda. Kasema yeye tembo wamemkomoa, hataki kuona wanamkomoa na mwingine."

Na wa mwisho, mbali na wenzake, alikuja Sadock. Hakusalimia. Alipita pembeni ya zizi, akakaa juu ya kichuguu, kisu chake amekilaza mapajani, akatulia. Hakuingia shambani. Watu walimwona wakajifanya hawakumwona, na Nyangi akageuza uso.

"Huyu amefuata nini?" Beryl alimnong'oneza Winfrida.

"Umemwita, hukumwita?"

"Nilimwita. Nilipita kila nyumba."

"Basi ameitika. Mtu hakatai risaga. Lakini kufanya kazi hapa, kwa jina la Simioni..." Winfrida alibetua midomo. "Muache. Fanya yako."

Wakaingia kazini. Jamani, watu wakiamua! Visu vilikata masuke yanadondoka kwenye vikapu, wanawake wanapokezana wimbo, wanaume wanaitikia kwa kuguna, na kelele za matusi ya utani zikaenda kutoka mstari hadi mstari. Mstari wa mbele ulisogea mpaka Beryl akaanza kuamini. Ila kila alipoinua kichwa aliangalia vitu viwili: vile vichaka kule chini, na jua. Tena na kitu cha tatu, Sadock juu ya kichuguu chake.

"Mzee Nyamhanga," aliita ili asiendelee kuangalia, "hili neno risaga ni lenu kweli? Maana kwetu tunasema saga. Bibi yangu Adero aliita saga kila msimu, pombe, ngoma, kila kitu."

"Haa! Mmesikia mwizi anavyojitangaza?" Nyamhanga alisimama wima, mkono kiunoni. "Mlitoka huko ziwani hamna hata neno la kuitana. Mkatukuta sisi tunakunywa, mkauliza hii inaitwaje, tukawaambia, mkashika nusu mkakimbia nayo."

Shamba zima likacheka.

"Yawa! Sisi ndio tuliwaachia," Beryl alijibu, "mkaona ni fupi mkaliongezea mkia."

"Mbele huko si mkia, binti yangu, ni kichwa. Sikiliza nikufundishe. Babu zetu walikuwa wawindaji, huko hifadhini ambako siku hizi ukiingia unafungwa. Mtu akiangusha mnyama mkubwa hawezi kumbeba peke yake. Anapanda kilimani, anaita. Wanaokuja wanabeba, na wakifika nyumbani wanakula wote, wanacheza mpaka asubuhi. Huko ndiko risaga ilikotoka, kwenye nyama."

"Mwaka jana ulituambia ilitoka kwa wahunzi," Waisiko alidakia.

"Mwaka jana nilikuwa nimelewa."

"Na leo je?"

"Leo bado, na ndiyo shida yenyewe!"

Beryl alicheka na wenzake, na kwa kitambo kidogo akasahau kuangalia vichaka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kumwita binti yangu.

Jua lilipofika katikati, shamba lilikuwa limekatwa nusu hivi. Nusu ya juu. Ile ya chini, ya upande wa tembo, ilikuwa bado imesimama yote, na joto lilikuwa limekaza kweli kweli. Maji yakaisha. Nyangi alichukua baiskeli na madumu akaenda kisimani, na kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, kwa hiyo alikwenda kile cha mbali. Nyimbo zikapungua. Watu wakawa wanakata kimya kimya, ndimi nje.

Ndipo Winfrida alipoanguka. Hakuanguka kabisa, alikaa chini ghafla katikati ya mabua, macho yamegeuka, midomo mikavu. Beryl alimshika mabega. Tumbo lile, jua lile.

"Maji!" alipiga kelele. "Hamna hata tone?"

Hakuna aliyekuwa nalo.

Beryl alikimbia nyumbani. Uani, kivulini mwa jiko, vyungu viwili vilikuwa vimekaa vimefunikwa kwa majani ya migomba na kufungwa kamba: kikubwa cha pombe, na kidogo cha togwa kwa ajili ya Wasabato wasiogusa kilevi. Pombe hakuigusa, angethubutu vipi. Lakini togwa? Togwa ni uji tu. Kwao, kwa bibi Adero, watu wa saga walipewa uji mchana kila siku ya kazi, na asiyewapa alionekana mchoyo. Alikata kamba, akang'oa majani, akajaza ndoo, akachukua kata, akarudi mbio.

Winfrida alikunywa. Rangi ikamrudia. Beryl akashusha pumzi, akaona na wengine wamesimama na midomo mikavu, akampa kata aliyekuwa karibu.

"Chukueni jamani, mpoze koo, kila mtu kidogo."

Hakuna aliyepokea. Waisiko alikuwa ameinua kisu kukata suke. Akakishusha taratibu, akakifuta kwenye suruali, akakichomeka kiunoni. Aliyefuata akafanya vilevile. Akafuata mwingine. Kimya kilishuka mstari mzima mpaka mwisho, na vikapu vikawekwa chini.

"Nini?" Beryl aliuliza. "Nimefanya nini?"

Mzee Nyamhanga alikuja akaangalia ndani ya ndoo. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Umefungua chungu, mama."

"Cha togwa tu! Mtu alikuwa anazimia!"

"Chungu ni chungu. Cha risaga kikishafunguliwa, kazi imekwisha. Kisu hakiinuki tena leo kwenye shamba hili."

"Lakini nusu bado! Mzee, tembo..."

"Naona tembo kama wewe unavyowaona." Sauti yake ilikuwa ya huruma, na huruma ile ilimtisha Beryl zaidi. "Zamani hapa hapa kulikuwa na tajiri mmoja. Aliita watu, akawafungulia mchana, wakanywa, wakalegea, akawaambia sasa rudini shambani, kwani mmekunywa cha nani? Akafanya pombe mshahara na watu akawafanya watumwa. Mapanga yalitembea siku ile. Waliozikwa ni wengi kuliko waliocheza. Wazee wakakaa wakasema: tangu leo chungu kikifunguliwa kila mtu yuko huru, na atakayeinua kisu au jembe tena anarudisha ile damu. Sisi tumezaliwa tumeikuta amri hiyo. Hata Waisiko hapa, aliyeliwa mtama wake wote, hawezi."

Waisiko alitazama chini.

"Kwetu..." Beryl alianza. Kwao kulikuwa mbali. Mtoto mgongoni alianza kulia, na Beryl hakuwa na nguvu ya kumtikisa. Aliangalia mtama ule mwekundu umesimama mpaka kwenye vichaka. Alimfikiria Emanuel kitandani, anawasikiliza watu walionyamaza, hajui kwa nini wamenyamaza. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania risaga. Yeye ndiye aliyeiua.

Nyamhanga alikohoa. Akasogea karibu, akashusha sauti, ingawa kila mtu alisikia.

"Kuna njia moja."

"Niambie."

"Chungu kinafunguliwa na mwenye risaga. Akifungua mgeni, asiyejua, mpita njia, hicho hakijafunguliwa. Ni sawa na mbuzi kukipiga teke. Kinafunikwa, watu wanaendelea." Akamtazama machoni. "Sasa sema tu. Wewe si mgeni hapa? Sema mbele ya watu, mimi ni mgeni, sina risaga, mwenye risaga ni mama. Basi, yamekwisha, tunarudi kazini."

Wote wakamwangalia. Walitaka aseme, ilionekana wazi. Winfrida alikuwa akimwashiria kwa kichwa: sema, sema.

Beryl alielewa. Kusema ni maneno machache na mtama unapona. Lakini maneno yakishasemwa mbele ya risaga hayarudi. Kesho na keshokutwa, siku atakapotaka kuita watu kwa jina lake, siku atakapotaka kusimama msibani kama mke wa nyumba ile, kuna atakayesema: wewe si ulisema mwenyewe? Na Irine angekua akiwa mtoto wa mgeni. Miaka yote amelimeza neno lile likitoka mdomoni mwa wengine. Sasa anaombwa alitoe mdomoni mwake.

Juu ya kichuguu, Sadock alikuwa ameinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anasikiliza.

Mtoto atakula nini? Beryl alijiuliza, na swali hilo likawa ndilo jibu. Akafuta uso kwa kiganja.

"Sawa," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Mimi ni..."

"Nyamaza!"

Baiskeli ilianguka na madumu yake kwa kishindo, maji yakamwagika mchangani. Nyangi alikuwa amesimama mwisho wa mstari, jasho linamtiririka, kanga imeshuka kiunoni. Nani alimweleza, haijulikani. Labda aliona ile ndoo akajua. Alikuja anatembea juu ya mabua yaliyokatwa mpaka akasimama kati ya Beryl na wale watu.

"Mzee Nyamhanga, unamfundisha nini mtoto wangu?"

"Nyangi, ninamuokolea mtama wako."

"Nani alipita kwenye nyumba zenu kuwaita? Mimi?"

Watu walitazamana.

"Nauliza. Ni mimi niliyeloweka ulezi? Mimi nilisema hamtakuja, nikakaa juu ya kinu nikiwasubiri msije. Huyu ndiye aliyewaita, na nyinyi mkamwitikia yeye." "Nyumba hii ilishadanganya risaga mara moja. Mume wangu alituma watu wasiokuwa yeye, na mimi nilikuwepo nikawapikia chai waende. Hatudanganyi mara ya pili. Chungu kimefunguliwa na mwenyewe. Kazi imekwisha. Karibuni mnywe."

"Mama," Beryl alisema, machozi yanamtoka bila aibu, "tutakula nini?"

"Sijui." Nyangi alisema hivyo hivyo, bila kupamba. Akachomoa kisu kilichokuwa kwenye kikapu cha mtu. "Ila amri ile ni ya walioitwa, mwenye shamba hakatazwi shamba lake. Njoo. Mpe Winfrida huyo mtoto."

Wakaanza kukata, wanawake wawili, kwenye nusu shamba ambayo watu wote wale wangeimaliza na jua likiwa juu. Kisu cha Beryl kiliteleza kwa sababu ya jasho na machozi, akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea. Nyuma yao watu waliketi uani. Sasa vyungu vyote viwili vilikuwa wazi, kata imo ndani, na hakuna aliyekunywa. Pombe ile ilikuwa halali yao, wameitolea jasho, wanaitazama tu. Mtu mmoja alijaribu kuanzisha wimbo, ukamfia mdomoni.

Jua likaanza kuelemea. Kutoka vichakani ukasikika mti umevunjika, kaa! Halafu mwingine.

Beryl hakuinua kichwa. Alijua wako wapi. Alijua pia kwamba hawakuwa wamefikisha hata robo ya kilichobaki.

Basi Sadock akateremka kwenye kichuguu.

Alipita kati ya watu uani, hakumwangalia mtu, akainama, akakishika kile chungu kikubwa cha pombe kwa mikono miwili. Watu wakadhani anataka kukivunja. Waisiko alisimama kumzuia.

"Toka," Sadock alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku nzima. "Wazee walisema kisu kilale. Walisema na kunywa kulale? Walisema ngoma ilale?"

"Hawakusema," Nyamhanga alijibu taratibu.

"Walisema ni lazima mnywee jikoni kwa mtu, kimya, kama mko matangani?"

"Hapana, hilo hawakusema."

"Basi mimi nakwenda kunywea kule chini, penye upepo." Akakiinua chungu mpaka begani, mishipa ya shingo imemtoka. "Mwenye kutaka kucheza anifuate. Beba madebe. Beba sufuria, beba kila kinacholia. Na moto."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu mzee Nyamhanga akapiga ukelele, akajipiga paja, akavua kofia akairusha juu. "Haya! Mmekaa mnangoja nini? Risaga imehamia kwa tembo!"

Loo! Watu waliinuka kama wamemwagiwa maji. Madebe yakatolewa stoo, vifuniko, mabati mabovu ya banda la kuku, kipande cha chuma na jiwe la kukigongea. Winfrida, ambaye mchana alikuwa anazimia, alibeba sufuria mbili na mtoto wa watu mgongoni. Walipita pembeni ya mtama wote, wanaimba tayari, wakajipanga kule chini mpakani, shamba nyuma yao na pori mbele yao, wakawasha mabua makavu mahali pengi, chungu kikawekwa katikati. Hakuna aliyegusa suke hata moja. Walikuwa wanakunywa. Walikuwa wanacheza. Nani angewalaumu?

Beryl na Nyangi waliendelea kukata, na sasa visu vyao vilikuwa na ngoma ya kufuata.

Jua lilikuwa linagusa vilima tembo walipotoka. Lilitangulia jike kubwa, sikio moja limechanika, nyuma yake wengine na watoto wao. Kelele ikakatika kidogo, maana kumsikia tembo ni jambo moja na kusimama mbele yake na kata ya pombe mkononi ni jambo lingine. Jike lile lilitanua masikio. Likapiga hatua kuja. Mtu mmoja akarudi nyuma, na wa pili akamfuata.

"Asikimbie mtu!" Sadock alifoka. Alikuwa amekaa mbele ya wote na debe kati ya magoti, analipiga kwa vijiti mpaka limebonyea. "Imbeni! Mnafanya nini, mnaogopa mgeni aliyekuja bila kisu?"

Kicheko kikapasuka, kicheko cha hofu, halafu wimbo ukarudi mkubwa kuliko mwanzo, madebe, mabati, vigelegele vya wanawake vinapanda juu. Beryl alitupa kisu akakimbilia kule. Hakujua maneno ya wimbo. Alipiga vigelegele kama wanavyopiga kwao, virefu, visivyo na mwisho. Nyangi alikuja nyuma yake, akachukua bati kwa mtu, akaligonga kwa ngumi. Vumbi, moshi, moto, na jike lile limesimama linatikisa kichwa, hatua chache tu kutoka kwenye mtama. Walisimama hivyo muda mrefu, wao na wanyama. Beryl alimwomba Mungu kwa Kijaluo bila kuacha kupiga vigelegele.

Jike likageuka. Halikukimbia, liligeuka kama mtu aliyeona kikao hiki hakimhusu, na wengine wakageuka nalo, wakashika njia ya korongoni.

Watu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Nyamhanga alikuwa anamkumbatia Waisiko, wote wawili wanalia. "Tunakesha hapa hapa," alisema. "Kesho ni siku nyingine, chungu cha jana hakimfungi mtu. Alfajiri tunashika visu."

Nyangi alichukua kata pale chunguni. Aliiangalia, kisha akamnyooshea Beryl mbele ya wote.

"Gawa," alisema. "Watu wako wana kiu."

Beryl akachota. Aliwapita wote waliokuwa karibu, akaenda moja kwa moja kwa Sadock, ambaye bado alikuwa amekaa na debe lake na alikuwa hajanywa hata funda. Akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili. Sadock hakupokea.

"Mwezi ujao najenga boma la ng'ombe," alisema. Alikuwa anatazama moto. "Nitaita watu."

"Nimesikia, baba."

"Usinitumie mtu."

"Nitakuja mwenyewe," Beryl alisema, "na kisu changu, na mama."

Sadock alimgeukia, akamtazama, akamtazama na Nyangi aliyesimama nyuma yake na bati lake mkononi. Akapokea kata, akanywa mpaka chini.

"Jembe," alisema akipangusa mdomo. "Boma linachimbiwa, Mjaluo, halikatwi. Uje na jembe."